Kompyuta Ikiharibika, Nani Atajibu?

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Bariadi, Mkoa wa Simiyu.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya ununuzi wa kompyuta. Natambua kwamba baadhi yenu mmekwisha kununua, na wengine mngali mkijadiliana na vyama vyenu vya kuweka na kukopa ili mnunue. Sitaeleza ni aina ipi iliyo bora, maana hayo kila mwenye duka atawaambieni bila ya kuombwa. Nataka tulitazame swali moja ambalo mwenye duka hapendi kuulizwa: chombo hiki kikiharibika, nani atajibu?

Swali hili si dogo. Mwalimu anayekopa ili anunue kompyuta huanza kukatwa mshahara tangu mwezi wa kwanza. Kompyuta ikifa mwezi wa sita, makato hayafi pamoja nayo. Alama za wanafunzi, maandalio ya masomo na barua za ofisi zilizokuwamo nazo hupotea. Aliyeuza amekwisha kupata fedha yake, na aliyetengeneza yuko ng'ambo, wala hajui kwamba Bariadi ipo.

Nasema hivi kwa kuwa yalinifika. Nilinunua kompyuta katika duka moja la mji mkubwa, mbali na hapa. Baada ya miezi minne kioo kikawa cheusi. Nilipanda basi nikairudisha. Muuzaji akaniambia niipeleke kwa wakala wa kampuni iliyoitengeneza. Wakala akatazama namba iliyo chini ya mashine, akasema kwamba haikuingia nchini kwa njia yake, kwa hiyo haimhusu. Nikarudi dukani. Safari hii nilionyeshwa maandishi yaliyokuwa chini ya stakabadhi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nilirejea nyumbani na mzigo wangu, na nauli ya safari mbili ikiwa imekwenda bure. Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa jambo hili.

KISA CHA DELL

Hata wanunuzi wa nchi tajiri wamelikuta swali hilohilo. Mwaka 1984 kijana mmoja aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Texas huko Marekani, Michael Dell, alianza kuuza kompyuta kwa mtaji wa dola 1,000. Utaratibu wake ulikuwa tofauti na wa wengine. Hakutaka muuzaji wa kati. Mteja alipiga simu kiwandani, na baadaye alitumia intaneti, akataja mashine anayoitaka: ukubwa wa kumbukumbu, aina ya kioo na kadhalika. Kampuni ikaiunda na kumpelekea.

Kwa desturi zetu, huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, maana mteja hulipa kabla hajakiona kitu. Lakini watu walinunua kwa mamilioni, na kampuni ya Dell ikafika mahali pa kwanza duniani kwa mauzo ya kompyuta. Moja ya sababu ilikuwa kwamba mteja alimjua wa kumwuliza. Aliyeunda ndiye aliyeuza, na aliyeuza ndiye aliyepokea simu ya malalamiko.

Mambo yalianza kuharibika pale simu hiyo ilipokosa mtu wa kuipokea vizuri. Mwaka 2005 mwandishi mmoja wa Marekani alieleza hadharani jinsi alivyosumbuliwa na kampuni hiyo kwa mashine mbovu, na wateja wengi wakajitokeza kusema kuwa nao yamewakuta. Mwaka 2006 kampuni ya Hewlett-Packard ikaipita Dell kwa mauzo. Mapema mwaka 2007 Michael Dell alirudi katika uongozi wa kampuni, na tarehe 10 Juni mwaka huo kompyuta za Dell zikaanza kuuzwa katika maduka kama 3,000 ya Walmart, kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa biashara ya rejareja. Kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimeingia pia katika maduka makubwa ya Ulaya, China na Japani.

Ndugu zangu, wanunuzi waliupokea uamuzi huo kwa namna mbili, na kila upande ulikuwa na hoja ya kusikilizwa.

Waliofurahi walikuwa wale ambao hawakuwa tayari kulipia kitu wasichokishika. Sasa mtu angeweza kuingia dukani, akabonyeza vitufe kwa vidole vyake, akalinganisha bei, akatoka na kompyuta siku hiyohiyo. Asiyejua lugha ya kitaalamu alipata mahali pa kuanzia.

Waliochukizwa walikuwa hasa wateja wa zamani. Walisema kwamba dukani huwezi kuchagua kilichomo ndani ya mashine. Unachukua kilicho mbele yako au unaacha. Walihofu kwamba duka linalojisifu kwa bei ya chini litamlazimisha mtengenezaji apunguze ubora ili naye apate faida. Na hofu kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mashine ikiharibika, duka litasema nenda kiwandani, na kiwanda kitasema rudi dukani.

Mimi sikusimama katika mlango wa Walmart. Lakini hofu hiyo ya tatu nimeionja, na naamini wako humu ndani wengine walioionja.

MADUKA MAKUBWA KWETU

Baadhi yetu tulidhani kwamba dawa ni kuwa na maduka makubwa kama yale. Historia yetu ya karibuni inatutaka tuwe na hadhari. Duka la Game lilifunguliwa Mlimani City, Dar es Salaam, mwaka 2006, nalo liliuza kompyuta pamoja na vyombo vingine vya nyumbani. Mwaka 2011 Walmart ikanunua zaidi ya nusu ya kampuni ya Afrika Kusini iliyokuwa ikimiliki maduka ya Game. Kwa hiyo mkono wa Walmart ulifika hadi Dar es Salaam. Lakini mwaka 2022 Game ikafunga na kuondoka. Kabla yake, Shoprite iliondoka mwaka 2014, na Uchumi ya Kenya mwaka 2015.

Siwalaumu waliofunga; biashara ina faida na hasara. Ninachosema ni kwamba dhamana ya miaka miwili haina maana iwapo imesimama juu ya duka peke yake, na duka lenyewe halina hakika ya miaka miwili.

Kwetu Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, maduka ya namna hiyo hayajawahi kuwapo. Anayetaka kompyuta hununua kwa mfanyabiashara wa hapa mjini, au husafiri hadi Mwanza, au humtumia fedha mtu wa Kariakoo, naye humpakilia mzigo katika basi. Kati ya kiwanda na meza ya mwalimu hupita mikono minne au mitano. Wengine huuziwa mashine za mtumba zilizofutwa vumbi na kuitwa mpya. Kadiri mikono inavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyopata wa kumsukumia mzigo wa lawama.

TUJIFUNZE KWA WAKULIMA WA PAMBA

Wapo watakaosema kwamba kama ni hivyo basi tuachane na vyombo hivi. Njia hiyo taifa letu lilikwisha kuijaribu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965. Hesabu zilipovurugika, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Yako mengi ya kuwatetea waliotoa amri hiyo, kwa sababu mitambo ilikuwa ya kigeni na utaalamu wake ulikuwa wa kigeni. Hata hivyo, tulikaa miaka mingi bila kuwafunza vijana wetu ujuzi huo, na ulimwengu haukutungoja. Leo mtumishi hawezi kukwepa kompyuta. Hata vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu. Hatuwezi kurudi nyuma.

Mfano wa kufuata tunao hapahapa. Wazee wetu walikuwa na muuzaji wa kati kabla yetu. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, kama lilivyoitwa wakati huo, walilalamika kwamba wanaibiwa katika mizani za wanunuzi. Mkulima mmoja akilalamika mbele ya mizani aliambiwa achukue gunia lake aende zake. Hawakuacha kulima pamba. Walijiunga, wakaunda vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, vikiongozwa na Paul Bomani. Malalamiko ya mtu mmoja mmoja yakawa sauti ambayo mnunuzi hakuweza kuidharau.

Sisemi kwamba ushirika haukuwa na kasoro. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na wakulima wenyewe wamewahi kuvilaumu kwa kuchelewesha malipo. Lakini kasoro za viongozi hazifuti ukweli kwamba gunia moja halina nguvu mbele ya mizani. Mwalimu mmoja naye hana nguvu mbele ya kaunta ya duka.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuijue sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokusudia kuifanya kwa kitu anachonunua, akautegemea ujuzi wake, basi muuzaji hutakiwa kutoa kitu kinachofaa kwa kazi hiyo. Nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imetenga sehemu ya masharti yanayomlinda mlaji, na sehemu nyingine ya wajibu wa mtengenezaji. Iko pia Tume ya Ushindani ya kupelekewa malalamiko. Mwenye duka anayewaambia kwamba maandishi yake chini ya stakabadhi yamemaliza mambo, anawategemea msiwe mmesoma.

Pili, tudai maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Stakabadhi ya mashine ya kielektroniki ipatikane siku ileile. Juu yake iandikwe aina ya kompyuta na namba yake, siyo neno "vifaa" pekee. Waranti iseme ni ya nani: ni ya duka au ni ya mtengenezaji? Kama ni ya mtengenezaji, wakala wake katika Tanzania ni nani, na anaitambua namba hiyo? Pigeni simu kwa wakala kabla hamjalipa. Dakika tano za simu zingeniokolea safari mbili.

Tatu, tununue kwa pamoja. Vyama vya kuweka na kukopa vya walimu na watumishi vinatoa mikopo, kisha kila mkopaji huachiwa aende sokoni peke yake kama yatima. Kwa nini chama kisikusanye mahitaji ya wanachama arobaini au hamsini, kikazungumza na muuzaji mmoja, na kuweka sharti kwamba sehemu ya malipo itazuiliwa mpaka muda fulani upite bila matatizo? Muuzaji atakayekataa sharti hilo atakuwa amekwisha kutueleza jinsi anavyoiamini bidhaa yake.

Nne, tuwatumie vijana wetu. Wako mafundi hapa mjini waliojifunza vyuoni, na wengine waliojifunza mezani kwa kutengeneza simu. Mkataba wa ununuzi uweke fundi wa hapa atakayetambuliwa na muuzaji, ili mashine isisafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili ya kubadilishiwa betri. Huko nako ni kujitegemea.

Mwisho, nina neno kwa wenzangu wenye dhamana ya kununua kwa niaba ya ofisi na shule. Fedha yangu ilipopotea, niliumia mimi na nyumba yangu. Fedha ya shule ikipotea, wanaoumia ni watoto ambao hawakuwapo tulipotia sahihi. Tumeona kompyuta zilizopokewa kwa picha na hotuba, na baada ya mwaka mmoja zikafunikwa kitambaa katika chumba cha mwalimu mkuu, kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema nani atazitengeneza. Bei ya chini iliyoandikwa katika zabuni si bei ya chini iwapo mashine inafanya kazi muhula mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, wateja wa Dell walikuwa na kampuni kubwa ya kulalamikia, na malalamiko yao yalisikika kwa kuwa walisema wengi na walisema hadharani. Sisi wa Simiyu si wachache, wala hatuna upungufu wa sauti. Mkienda dukani kesho, msianze kwa kuuliza bei. Ulizeni nani atajibu, na jina lake liandikwe.