Nafasi ya Kwanza Haiuzwi: Mazungumzo na Wenye Biashara Ndogo wa Ushongo

Tumeombwa tuzungumzie tovuti za biashara, na sababu zinazozifanya zionekane au zisionekane mtu anapotafuta mtandaoni. Wengi mmezoea kutusikia tukisema habari za mizani na bidhaa bandia. Hata hivyo, anayemlipa fundi amtengenezee tovuti naye ni mnunuzi wa huduma, na haki za mlaji ni zake kama zilivyo za mnunuzi wa unga.

Ipo ahadi moja inayouzwa sana kwa wenye biashara ndogo: lipa kiasi fulani, nasi tutaiweka tovuti yako juu kabisa kwenye Google. Ahadi hiyo hakuna awezaye kuitimiza kwa hakika. Google wenyewe, katika miongozo yao kwa wenye tovuti, wanasema kwamba hakuna mtu awezaye kuhakikisha nafasi ya kwanza, na kwamba hawapokei malipo ili kuupandisha ukurasa katika matokeo ya kawaida. Kinachoweza kununuliwa ni tangazo, nalo huwekewa alama ya kuonyesha kuwa limelipiwa. Fedha zikikatika, tangazo nalo hutoweka. Hatusemi kwamba tangazo ni kitu kibaya. Tunachotaka ni kwamba anayeuza tangazo aseme waziwazi kuwa anauza tangazo.

Sasa, ukurasa hupatikanaje? Programu za mtambo wa kutafuta hupita ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo, husoma maneno, kisha huyapanga mfano wa faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu. Ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine zinazoaminika huhesabiwa kuwa umependekezwa. Wazo hilo ndilo lililowapa umaarufu Larry Page na Sergey Brin walioianzisha Google mwaka 1998. Jambo lisiloandikwa, basi, ni vigumu kulipata. Tumeziona tovuti nyingi ambazo bei, simu na maelekezo ya njia vyote vimo ndani ya picha moja ya tangazo, iliyopambwa kwa minazi. Jicho la mtu husoma picha hiyo bila taabu, lakini mtambo hauisomi kwa uhakika kama maneno yaliyoandikwa, na mwenye bando dogo huchoka kuisubiri ifunguke.

Hapa ndipo Ushongo ilipo tajiri kuliko inavyojidhania. Mgeni aliyeko Arusha au Dar es Salaam anayo maswali yake kabla ya kufunga mzigo. Mto Pangani unavukwaje, na gari dogo litafika wakati wa masika? Maziwe huendewa saa ngapi, ikiwa kile kisiwa ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji makuu? Mayai ya kasa yanayohamishwa kutoka Maziwe na kufukiwa upya katika ufuko wenu huanguliwa lini, na mgeni akitaka kutazama amwendee nani? Majibu mnayo ninyi. Ukurasa mmoja unaojibu swali moja kwa ukamilifu, kwa maneno ya mtu anayeijua bamvua na maji mafu, humfaa msomaji kuliko kurasa kumi zilizorudia neno “hoteli bora” mistari ishirini. Hila hiyo ya kurudiarudia, tuiseme kwa kupita tu, ni ya zamani na mitambo imeikataa siku nyingi.

Majina nayo yanahitaji uangalifu. Mgeni wa mbali huenda hajawahi kulisikia jina Ushongo. Yeye hutafuta Pangani au Tanga. Ukiandika Pangani peke yake, nao Wakenya wana Pangani yao katikati ya Nairobi. Andikeni kwa ukamilifu: Ushongo, Wilaya ya Pangani, Mkoa wa Tanga, Tanzania. Kisiwa chenu kuna wanaokiandika Maziwe na wanaokiandika Maziwi. Kutaja namna zote mbili mara moja katika ukurasa si kosa. Tena msikiache Kiswahili. Familia inayotafuta pa kupumzika sikukuu ya Idi au ya Pasaka huuliza kwa Kiswahili, na kurasa zinazoijibu kwa lugha hiyo si nyingi.

Kuiandikisha biashara katika ramani ya Google hakulipiwi chochote. Ukimlipa kijana akusaidie, unalipia kazi yake, si nafasi katika ramani, na nenosiri libaki kwako.

Hilo la nenosiri ndilo linalotutia hofu kuliko yote. Chukulieni mama mwenye vyumba vinne. Fundi amemsajilia jina la tovuti, lakini amelisajili kwa jina lake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe. Miaka miwili baadaye fundi amehama, simu haipokelewi, muda wa jina umekwisha bila kulipiwa. Tovuti imezimika, na wateja waliokuwa na anwani ile hawaoni kitu. Wageni wote aliojipatia kwa subira, mlango wao ulikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Majina yanayoishia na .tz husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Kabla ya kulipa senti ya mwisho, mtake fundi akuonyeshe kwamba mmiliki aliyeandikwa ni wewe, na tarehe ya kulipia tena uiandike ukutani.

Mkataba uwe wa maandishi, hata ukurasa mmoja: kazi gani itafanywa, kurasa ngapi, kwa bei gani, kwa muda gani. Google husema matokeo ya kazi ya namna hii huchukua miezi minne hadi mwaka mmoja. Anayeahidi wiki moja muulizeni anauza nini. Na akiwaletea maoni ya sifa yaliyoandikwa na watu wasiowahi kulala kwenu, mkataeni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Inawalinda ninyi dhidi ya fundi mwongo, na inamlinda mgeni dhidi yenu.

Kabla ya maswali, tunamwomba kila mwenye tovuti atoe simu yake na kutafuta “nyumba za wageni Ushongo”, pasipo kuandika jina la biashara yake. Akiiona, aufungue ukurasa na kuutazama kwa macho ya mgeni: je, bei ipo, na namba ya simu ni ile inayopokelewa leo? Asiyeiona, na mwenye risiti au mkataba wa fundi, asogee huku mbele tuusome pamoja.