Historia ya Wanawake wa Idjwi na Ziwa Kivu katika Maadhimisho ya Vyuo vya Bukavu

Maadhimisho ya mwezi wa tatu yamezoeleka katika vyuo vya Bukavu. Tarehe 8, Siku ya Wanawake, inapokaribia, vikwembe vya sare huuzwa, mafundi cherehani hulala usiku wa manane, kumbi hupambwa, na mada ya mwaka iliyotolewa na serikali hurudiwa katika hotuba moja baada ya nyingine. Siku hiyo wanachuo wa kike, walimu wao, makarani na akina mama wanaofagia madarasa huvaa kitambaa kimoja, na hilo peke yake ni jambo jema mahali ambapo vyeo hutenganisha watu mwaka mzima. Hata hivyo anayesherehekewa huwa ni mwanamke kwa ujumla: hana jina, hana kijiji, hana mwaka. Binti aliyetoka Idjwi kuja kusoma Bukavu hukaa ukumbini kwa saa tatu, kisha hutoka bila kusikia neno lolote juu ya bibi yake wala juu ya wanawake wa ziwa alilovuka kuja chuoni.

Upungufu huo una chimbuko lake katika historia ya sikukuu yenyewe. Siku ya wanawake ilizaliwa na madai ya haki. Mwaka 1910, katika mkutano wa wanawake wa kisoshalisti uliofanyika Copenhagen, Clara Zetkin na wenzake walipendekeza pawe na siku moja ya wanawake kila mwaka. Mwaka uliofuata ikaadhimishwa katika nchi kadhaa za Ulaya, wanawake wakidai kura na masharti bora ya kazi. Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha mwaka 1975, na mwaka 1977 Baraza Kuu likayaalika mataifa yote kuitambua. Desturi ya kuadhimisha historia ya wanawake ilianza kwingine na baadaye. Mwaka 1978, katika wilaya ya Sonoma huko California, waelimishaji waliona kwamba masomo ya shule yalikuwa karibu kimya juu ya wanawake, wakatenga wiki moja ya kufundisha historia yao. Mwaka 1987 Bunge la Marekani likaigeuza wiki hiyo kuwa mwezi mzima. Siku inadai, na mwezi unakumbuka. Vyuo vya Bukavu vimeshika sana dai, na ni haki yao kulishika, lakini kumbukumbu vimeiacha nyuma.

Kilichoandikwa na kilichoachwa

Idjwi ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Kivu. Wakazi wake wengi ni Bahavu, wakiishi pamoja na Bambuti, ambao wengi wao hawana ardhi. Kisiwa hiki kimebahatika kuwa na mwanahistoria wake: David Newbury alifanya utafiti huko katika miaka ya 1970, na mwaka 1991 akachapisha kitabu kikubwa juu ya wafalme na koo za Idjwi kati ya mwaka 1780 na 1840. Humo msomaji hukuta namna koo zilivyohamia kisiwani, namna ufalme ulivyoshika mizizi, na maana ya Muganuro, sherehe ya malimbuko iliyomkutanisha mwami, yaani mfalme, na watu wake kila mwaka. Ni kazi yenye thamani, na kila maktaba ya chuo Bukavu ingepaswa kuwa nayo. Lakini ni historia ya wafalme na koo, na koo hizo hufuata upande wa baba. Anayetaka kujua nani alilima nafaka ya malimbuko, nani aliisaga, na wake waliotolewa ukoo mmoja kwenda mwingine walibeba nini cha maarifa na desturi, hana budi kwenda kuuliza mwenyewe.

Hata ndani ya utawala wa kimila nafasi ya mwanamke haikuwa ndogo. Katika tawala za Bushi, eneo la Bukavu, na jirani zake, mwamikazi, mama wa mwami, alikuwa na heshima na sauti yake, na mrithi alipokuwa mtoto ndiye aliyeshika utawala pamoja na wazee mpaka kijana akue. Jambo hilo halikuisha na ukoloni. Huko Luhwindja, katika teritwari ya Mwenga, Mwamikazi Espérance Baharanyi aliongoza kwa niaba ya mwanawe baada ya kifo cha mumewe, katika miaka ile ile ambayo dhahabu ya Twangiza ilikuwa inavuta macho ya kampuni za nje. Mwanachuo wa sheria au wa utawala anayejifunza namna mamlaka ya kimila yanavyokutana na serikali na mtaji ana mfano mzima hapo, katika mkoa wake, na mhusika mkuu ni mwanamke.

Mfano mwingine umelala katika jarida la kitaaluma ambalo wanachuo wachache wamelifungua. Catharine Newbury, ambaye pia alifanya utafiti Kivu, alichapisha mwaka 1984 makala juu ya wanawake wa Buloho, katika eneo la Kalehe, magharibi mwa ziwa. Wanawake hao walikuwa wakulima wa mihogo. Walipobeba mizigo yao kwenda sokoni walitozwa ushuru juu ya ushuru, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaamua kwamba inatosha. Walipinga kwa pamoja, hadharani, mbele ya wenye mamlaka, wakati wa utawala wa Mobutu ambapo wanaume wengi walinyamaza. Walikuwa na mihogo yao, miguu yao na hesabu walizozifanya wenyewe za kile kilichobaki mfukoni baada ya soko. Tukio hili lastahili kuigizwa jukwaani katika kila chuo cha Bukavu. Kwa sasa linajulikana zaidi katika maktaba za Amerika Kaskazini kuliko katika vijiji vilivyolizaa.

Wajane wa kahawa

Kwa Idjwi yenyewe, hakuna sura inayodai kuandikwa kwa haraka kama ile ya kahawa. Kahawa ya kisiwani ni arabika. Tunda huchumwa likiwa jekundu, humenywa, huchachushwa, huoshwa, kisha huanikwa na kupinduliwa mara kwa mara mpaka punje ikauke sawasawa. Kabla ya vituo vya kuoshea kujengwa, kazi hiyo ilifanyika nyumbani kwa mkono, na wanawake waliibeba kwa sehemu kubwa. Tatizo lilikuwa soko. Upande wa Kongo bei ilikuwa duni na ushuru mwingi, na ng'ambo ya maji, Rwanda, wanunuzi walilipa vizuri zaidi. Basi wanaume walipakia magunia katika mitumbwi, wakavuka usiku kukwepa doria, wakarudi na sabuni, chumvi na nguo. Ziwa Kivu hubadilika ghafla, na mtumbwi uliojaa magunia hauhimili mawimbi. Wengi walizama.

Nyuma yao walibaki wanawake waliokuja kuitwa wajane wa kahawa. Mjane alikuwa na watoto wa kulisha na mikahawa aliyoitunza kwa miaka, lakini kwa mila ardhi ilihesabiwa kuwa ya ukoo wa mume. Hapo ndipo historia ya biashara, ya sheria, ya mipaka na ya familia zinapokutana katika nyumba moja. Ushirika wa wakulima wa kahawa ulipoanza kufufuka kandokando ya ziwa, kama SOPACDI iliyoanzishwa Minova mwaka 2003, wajane walikuwa miongoni mwa wanachama. Mwaka 2013 mtaalamu wa kilimo Marcelline Budza alianzisha Rebuild Women's Hope, shirika linalofanya kazi na wanawake wakulima wa kahawa Idjwi ili wauze mavuno yao kwa jina lao wenyewe.

Maonyesho ya chuo juu ya sura hii hayahitaji fedha nyingi. Kitunga cha kuchumia, jiwe la kumenyea, mkeka wa kuanikia, na kando ya kila kifaa maelezo mafupi: nani alikitengeneza, wapi, alijifunza kwa nani. Jina la fundi liandikwe kila mara atakapokubali. Vyombo vya wanawake vimewekwa mno mezani kama mapambo ya "utamaduni wetu", bila mwenyewe kutajwa, na hilo linawafundisha wanachuo kwamba vilijitengeneza vyenyewe.

Sheria, shule na barabara

Historia ya karibu zaidi inaweza kusomwa ukutani. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa matendo ya kisheria yanayomfunga. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa sharti hilo. Vifungu hivyo viwili vikibandikwa sambamba kwenye mlango wa kitivo cha sheria, cha zamani na cha sasa, kila apitaye ataona ni nini hasa kilichobadilika, na wanachuo wenye mama walioolewa chini ya sheria ya zamani watakuwa na swali la kwenda kuuliza nyumbani. Kando yake iwekwe picha ya Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, aliyehitimu katika chuo cha Lovanium mwaka 1964 na kuwa waziri mwaka 1966. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka minne tu alipohitimu. Kutoka hapo hadi kuteuliwa kwa Judith Suminwa Tuluka kuwa waziri mkuu wa kwanza mwanamke mwaka 2024 ni miaka 60.

Bukavu pia ina siku yake ya kukumbuka. Mwezi wa 10 mwaka 2010, vuguvugu la Matembezi ya Wanawake Duniani lilifunga mwaka wake wa matendo katika mji huu, na tarehe 17 maelfu ya wanawake kutoka Kongo na nchi nyingi walijaza barabara zake. Wanachuo wa leo walikuwa watoto wadogo wakati huo. Wengi wa mama zao walikuwepo. Na sauti za wanawake zilikuwa zimeshaanza kusikika hewani kabla ya hapo: Redio Maendeleo ilianzishwa Bukavu mwaka 1993, na mwaka 2003 waandishi wa habari wanawake, Chouchou Namegabe akiwa miongoni mwao, wakaunda chama cha AFEM, wakapeleka vinasa sauti vijijini.

Ushuhuda na heshima

Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini kuliko yote. Dunia imeijua Bukavu kwa majeraha ya wanawake wake. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999, na Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa Dokta Denis Mukwege pamoja na Nadia Murad mwaka 2018, vimeufanya ukatili wa vita ujulikane, na ilikuwa lazima ujulikane. Lakini chuo kinapoandaa siku ya wanawake na kumwita mama aliyenusurika asimulie mbele ya ukumbi uliojaa simu zinazopiga picha, hakimtendei haki. Simulizi hiyo ni mali yake. Asimulie akitaka, mahali anapotaka, kwa mtu anayemwamini, na awe na uwezo wa kusema baadaye kwamba ameghairi. Isitoshe, mwanamke huyo huyo ni mkulima, ni mwimbaji, ni mfanyabiashara wa samaki wa sambaza, ni mkwe, ni bibi anayejua vitendawili vya Kihavu ambavyo wajukuu hawavijui. Kumuuliza vita peke yake ni kumwibia maisha yake yaliyobaki.

Njia ya kukusanya historia hii imeshajaribiwa Afrika Mashariki. Mwanahistoria Susan Geiger alikaa na Bibi Titi Mohamed na wanawake wengine wa Tanganyika, akawarekodi wakisimulia maisha yao, na kitabu alichochapisha mwaka 1997 kilibadilisha namna historia ya chama cha TANU inavyosomwa. Mwaka 2007 ukatoka mkusanyiko mkubwa wa maandishi na simulizi za wanawake wa ukanda wa mashariki, uliohaririwa na Amandina Lihamba na wenzake. Ulishughulikia Kenya, Malawi, Tanzania, Uganda na Zambia. Kongo ya Mashariki haimo, ingawa Kiswahili ndicho kinachoiunganisha na baadhi ya nchi hizo. Pengo hilo linawaita wanachuo wa Bukavu kwa jina.

Na wao wana faida ambayo mtafiti mgeni hana. Mwanachuo wa Idjwi anajua Kihavu, anajua Kiswahili cha mjini, na likizo inapofika anapanda boti kurudi nyumbani kwa watu wanaomwita mwanangu. Simu yake inatosha kurekodi. Anachohitaji kutoka chuoni ni mafunzo ya siku chache juu ya kuuliza na kunyamaza, fomu ya ridhaa inayosomwa kwa lugha ya msimulizi, na mahali pa kuhifadhi sauti pasipotegemea simu ya mtu mmoja. Rekodi itafsiriwe kwa Kiswahili na Kifaransa, nakala irudi kwa familia, na nyingine isikilizwe redioni ili kisiwa chenyewe kisikie. Wanawake wa Bambuti wasiachwe nyuma kwa sababu nyumba zao ziko mbali na barabara.

Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu mwezi wa 2 mwaka 2025, mikusanyiko mikubwa imekuwa jambo la kupimwa mara mbili. Kazi inayoelezwa hapa haihitaji gwaride. Watu kumi darasani wakisikiliza sauti ya bibi mmoja kutoka Bugarula, kisiwani Idjwi, ni maadhimisho kamili.

Wanawake waliokuwa watu wazima wakati wa upinzani wa Buloho sasa wamevuka miaka 60, na wale waliokuwa watu wazima Idjwi kabla ya uhuru ni wazee sana. Wakuu wa vitivo, kamati za wanachuo na wasimamizi wa maktaba wanaombwa wasingoje mada ya mwaka kutoka Kinshasa: wachague vijiji, wawape wanachuo mafunzo, na rekodi za kwanza zifanyike katika likizo ijayo.