Mapato Yakichelewa, Nani Analipa Riba?



Tukiletewa mkataba wa ubia, sisi huanza na kifungu cha dhamana kabla ya kutazama michoro ya majengo. Sababu ni kama yale yaliyolikuta Jiji la New York katika mradi wa Hudson Yards.

Jiji lilitaka majengo mapya juu ya eneo la kuegeshea treni. Shirika lililoundwa na jiji likauza hati fungani za dola bilioni 2 mwaka 2006, na bilioni 1 mwaka 2011, hasa kwa ajili ya kurefusha reli ya chini ya ardhi. Deni lilitegemea malipo kutoka kwenye majengo ambayo hayajajengwa! Mdororo wa uchumi wa 2008 ukachelewesha ujenzi. Wawekezaji waliweza kusubiri, riba haisubiri. Kwa kuwa jiji lilikuwa limeahidi kuziba pengo, lilitoa mamia ya mamilioni ya dola katika bajeti ileile inayolipa walimu na zimamoto.

Reli ilifunguliwa Septemba 2015. Baadaye mapato yalipanda, na jiji likaacha kufidia riba. Wawekezaji, kwa upande wao, walikwisha kupewa punguzo la kodi la miaka mingi.