Usaili Huanzia Nyumbani: Maandalizi ya Kuomba Ajira katika Utumishi wa Umma

Maelezo yaliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri ya Wilaya ya Tarime mbele ya wananchi wa Nyamongo. Yanachapishwa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

  

Kila nipitapo Kewanja, Nyangoto au Matongo, vijana huniuliza, "Tangazo la ajira za Serikali litatoka lini?" Swali hilo ni la haki, lakini lipo jingine linalotangulia: likitoka kesho asubuhi, je, uko tayari? Mara nyingi muda wa kutuma maombi ni kama siku 14. Siku hizo humtosha mtu aliyekwisha kujiandaa. Hazitoshi kutafuta cheti cha kuzaliwa, kusahihisha jina na kuanza kusoma, yote kwa pamoja.

Nisiwafiche ukubwa wa ushindani. Mwezi Juni 2014, Idara ya Uhamiaji iliita usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Walifika vijana zaidi ya 10,000 kugombea nafasi 70. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalizidi 130,000. Katika umati wa namna hiyo wengi watakosa hata wakiwa na uwezo, na hilo halina aibu. Linalouma ni kukosa kwa sababu ya karatasi, kabla hujaulizwa hata swali moja.

Nawaomba basi tuanze na majina. Hapa kwetu jina ni jambo zito. Mtoto huitwa Marwa nyumbani kwa heshima ya babu yake, akaandikishwa shuleni kwa jina la ubatizo, kisha akajiandikisha NIDA kwa majina yaliyopangwa kinyume. Ghati huandikwa Gati. Bhoke huandikwa Boke. Kijijini sote tunamfahamu kuwa ni mtu yule yule. Msimamizi wa usaili hamfahamu. Yeye ana nyaraka mbili tu mkononi, na hazifanani.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Baada ya kuhitimu stashahada yangu niliitwa kwenye usaili katika taasisi moja. Nilikuwa nimesoma majuma matatu mfululizo. Mlangoni, ofisa alilinganisha cheti changu cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, akaona herufi moja imezidi. Sikuingia. Niliketi chini ya mti nje ya ukumbi nikiwasikia wenzangu wakiitwa mmoja mmoja. Sikuwa na wa kumlaumu. Herufi ile nilikuwa nimeiona tangu nikiwa shuleni, nikasema nitaishughulikia siku moja.

Kwa hiyo, jioni ya leo, kila mmoja atandike nyaraka zake mezani: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha chuo na kitambulisho cha Taifa. Asome jina herufi kwa herufi. Penye tofauti, aende kwa wakili aandaliwe hati ya kisheria ya majina, na hati hiyo isajiliwe. Asiye na cheti cha kuzaliwa afuatilie sasa kupitia RITA wilayani. Ambaye cheti chake bado kimefungiwa kabatini shuleni au chuoni akakichukue, kwani hati ya matokeo ya muda haipokelewi badala ya cheti. Asithubutu mtu kuazima cheti cha ndugu yake. Uhakiki wa mwaka 2017 uliwabaini watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, na wengi walipoteza kazi walizozitumikia kwa miaka mingi.

Hatua ya pili ni akaunti. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyoundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, hupokea maombi kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa Ajira Portal. Kujisajili ni bure, wala huna haja ya kungoja tangazo. Unahitaji namba ya NIDA, barua pepe na namba ya simu iliyo yako mwenyewe. Wengi hufunguliwa akaunti na kijana wa steshenari kwa barua pepe yake yeye. Miezi mitatu baadaye wanaitwa kwenye usaili na hawana nywila. Iandike nywila yako na uihifadhi. Nakala za vyeti zithibitishwe na wakili, na barua ya maombi iwe na saini yako. Ndugu zetu wenye ulemavu waoneshe hali yao katika mfumo. Matangazo huwahimiza waombe.

Hatua ya tatu ni masomo. Waombaji wanapokuwa wengi huanza usaili wa mchujo, ambao kwa kawaida ni wa kuandika. Kada kama udereva huwa na usaili wa vitendo, na mwisho huja usaili wa mahojiano. Soma tangazo kama unavyosoma mkataba wa shamba. Majukumu yaliyoorodheshwa pale ndiyo mwongozo wako wa kwanza, kwa sababu maswali hutafuta kujua kama unaielewa kazi unayoiomba.

Chukueni mfano wa Mtendaji wa Kijiji. Tangazo husema kwamba yeye ndiye mtendaji mkuu wa Serikali ya Kijiji na katibu wa mikutano yake. Basi jiulize: Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa akina nani? Ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Hukutana kila baada ya muda gani? Walau mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe wangapi? Si chini ya 15 wala zaidi ya 25. Hayo yamo katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Yamo pia katika mkutano wa kijiji chako, ambao vijana wengi huupita wakielekea mgodini au senta. Anayeketi pale, akasikia mapato na matumizi yakisomwa na wananchi wakihoji fedha za miradi, anasomea usaili bila ada.

Ongezeni Sheria ya Utumishi wa Umma, Kanuni zake za mwaka 2022 na kanuni za maadili ya utumishi. Someni kwa vikundi vya watu watano au sita. Mmoja aulize, mwingine ajibu kwa kuandika huku saa ikihesabiwa. Kwa mahojiano, simama mbele ya mjomba au shangazi ujieleze kwa dakika mbili: wewe ni nani, umesomea nini, kazi hii utaifanyaje. Ukitetemeka mbele ya mjomba, ni afadhali utetemeke hapo kwanza.

Hatua ya nne ni fedha. Msailiwa hujigharimia nauli, chakula na malazi. Usaili unaweza kuwa Musoma, Mwanza au Dodoma, na wito huweza kukukuta mfukoni mtupu. Tengeni akiba mapema, hata kidogo kidogo. Hapa nawageukia wazazi. Ng'ombe huuzwa kwa haraka mwana wa kiume anapoitwa kwenye usaili. Binti akiitwa, kikao cha ukoo hurefuka. Cheti cha Bhoke kina uzito ule ule wa cheti cha Mwita.

Jihadharini pia na wauza nafasi. Atakuja mtu mwenye suti na simu mbili, aseme anamjua mkubwa fulani na nafasi moja ni shilingi kadhaa. Nafasi za Serikali haziuzwi. Mpigieni TAKUKURU kwa namba 113, simu ni bure.

Ndugu zangu, mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2002, na wengi tumezoea kungoja geti lifunguliwe. Utumishi wa umma nao una mlango wake, na ni mwembamba. Siwezi kuwaahidi kwamba mtaingia. Ninachoomba ni kwamba asiwepo kijana wa Nyamongo atakayeketi chini ya mti kama nilivyoketi mimi, akiwa na majibu kichwani na jina lisilolingana mkononi.