Manusura wa Ghasia za Uchaguzi, Migori na Homa Bay

Azimio namba 1820 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Juni 2008, lilitamka kwamba ubakaji waweza kuwa uhalifu wa kivita, na tangu hapo juhudi za kimataifa, ukiwemo mwongozo wa kukusanya ushahidi uliozinduliwa London mwaka 2014, zimeelekezwa zaidi kwenye maeneo ya mapigano ya silaha kama vile Kivu, mashariki mwa Kongo. Kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya hazikuwa vitani mwaka 2017. Hata hivyo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya, ilipochunguza ghasia za uchaguzi wa mwaka huo, ilirekodi visa 201 vya ukatili wa kingono katika kaunti 11, hizo mbili zikiwemo, na zaidi ya nusu ya waliotajwa kuwa watendaji walikuwa maafisa wa usalama.

Ukatili huo uliwafika watu wakati ambapo wauguzi wa hospitali za umma walikuwa katika mgomo ulioanza Juni na kuendelea hadi Novemba, ilhali dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina budi kuanza kutumiwa ndani ya saa 72, na ushahidi wa mwilini hupotea upesi. Fomu ya P3, yaani ile inayotolewa na polisi na kujazwa na daktari ili itumike mahakamani, ilimtaka manusura aende kituoni, pengine mbele ya maafisa wenza wa mtu aliyemdhulumu. Ni dhuluma kubwa kumtaka mtu yeyote apite njia hiyo.

Njia ya kisheria ipo. Uhalifu dhidi ya ubinadamu, ambao ni matendo yanayofanywa kama sehemu ya mashambulizi yaliyoenea au yaliyopangwa dhidi ya raia, hauhitaji kuwepo kwa vita, na Kenya iliuingiza katika Sheria ya Makosa ya Kimataifa ya mwaka 2008. Ni kwa sheria hiyo kwamba, Oktoba 2022, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha maafisa wa polisi washtakiwe kwa mauaji, ubakaji na mateso yaliyotendeka Kisumu mwaka 2017. Manusura wa Migori na Homa Bay wanastahili uchunguzi uo huo, na wafadhili wa kimataifa wangefanya vyema kuwafunza wauguzi wa zahanati za kaunti hizo namna ya kuhifadhi ushahidi kabla ya uchaguzi wa mwaka 2027.