Mfalme Edipode katika njia panda ya Tinde



Gari litokalo Nzega likifika Tinde, dereva hana budi kuchagua: kulia Shinyanga na Mwanza, kushoto Kahama hadi mpaka wa Rwanda. Ni mahali pa njia tatu. Mimi nimekulia hapo, na kila nipitapo humkumbuka Sophocles wa Ugiriki. Katika mchezo wake mashuhuri, mwanamume mmoja anagombania njia na mzee pale njia tatu zinapokutana, anamuua, asijue kuwa ni baba yake mzazi.

Huyo ndiye Edipode. Mchezo wenyewe tunao kwa Kiswahili tangu mwaka 1971, kwa jina la Mfalme Edipode, umefasiriwa na Samuel Mushi, yule yule aliyefasiri Makbeth. Sophocles alifariki yapata mwaka 406 kabla ya Kristo, akikaribia miaka 90. Inasemekana aliandika michezo zaidi ya 120; iliyotufikia mizima ni 7 tu. Aliwahi pia kuwa mweka hazina na jemadari wa Athens, kwa hiyo mambo ya utawala aliyajua kwa ndani.

Sasa sikiliza. Tauni imeingia mjini Thebes. Mazao yanakauka, mifugo inakufa, wanawake wanajifungua watoto wafu. Mfalme Edipode anaapa kumsaka aliyeleta balaa hilo. Je, habari hiyo ni ngeni kwetu Usukumani? Ng'ombe akifa, mtoto akiugua, huulizwa ni nani, haiulizwi ni nini. Na kwa miaka mingi jibu limekuwa kikongwe mwenye macho mekundu. Mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe!

Utanipinga: mbona mle mchezoni mpiga ramli kipofu, Tiresias, alisema kweli? Naam, alisema. Lakini hakumnyooshea kidole mjane asiye na mtetezi. Alimnyooshea mfalme, uso kwa uso, tena baada ya kulazimishwa. Naye mfalme, pamoja na hasira zake zote, hakutuma watu usiku. Aliita mashahidi, akauliza na kuuliza hata mkewe alipomsihi aache, mpaka jibu likamrudia mwenyewe.

Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Maneno ya kisimani, hayo hayakuhitaji leseni.

Nilipokuwa darasa la tano palikuwa na bibi jirani yetu. Sisi watoto tulikimbia tukipita kwake, na nyumbani tukasimulia tuliyoyazua, kwamba tumemwona na fisi. Usiku mmoja alikatwa mapanga. Wakubwa walihojiwa. Sisi hakuna aliyetuuliza chochote.

Mama yangu naye sasa amezeeka, anapikia kuni, na macho yake yameanza kuwa mekundu. Juzi nimempelekea jiko la gesi. Analalamika kuwa ugali wake hauna ladha.