Serikali Iingie Mpaka Wapi?

(Mazungumzo kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo za Thika na Ruiru)



 Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya swali lililowagawanya mkutano uliopita: je, ni kazi ya serikali kupanga mishahara, kulipia shule na kugharimia utafiti, au iwaachie wenye mali na wazazi? Nimesikia mabishano yalikuwa makali. Ni vizuri, maana jambo lisilotugusa hatulibishanii.

Tuanze na mshahara, ndio ulioleta moto. Mzee mmoja alisema serikali ikitia mkono hapo, tajiri atafunga kiwanda aende zake. Tusimcheke. Mwenye kiwanda hupiga hesabu, na akibanwa hupunguza watu au huwaita kwa siku. Lakini kwanza tujue sheria yenyewe inasema nini, kwa sababu wengi tunabishana juu ya karatasi ambayo hatujaisoma.

Amri ya mishahara inagawanya nchi mafungu matatu. La kwanza ni miji mikubwa kama Nairobi. La pili ni zile zilizokuwa manispaa, Thika ikiwemo, na pamoja nazo miji mitatu iliyotajwa kwa jina: Mavoko, Ruiru na Limuru. La tatu ni sehemu nyingine zote. Kwa amri iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024, kibarua wa kawaida katika fungu letu alipangiwa kima cha chini cha karibu shilingi 14,900 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Katika fungu la tatu ilikuwa kama 8,600. Na mfanyakazi wa shambani, ambaye ana amri yake mbali, hakufika hapo: ilikuwa karibu 8,000.

Sasa sikilizeni. Mama mmoja anayepalilia kahawa aliniuliza hivi: "Dada, mimi na ndugu yangu tumezaliwa nyumba moja. Yeye anafagia kiwandani ng'ambo ya barabara, mimi niko na jembe huku. Unga tunanunua duka moja. Mbona mimi nahesabiwa nusu?"

Ukimwambia soko ndilo limeamua, utakuwa umemdanganya. Nusu hiyo imechapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Kwa hiyo anayesema serikali isiingie kwenye mishahara amechelewa, imeshaingia zamani. Na anayesema serikali humlinda mnyonge, amwendee huyo mama amweleze. Huwa wanasema mwenye shamba humpa mtu nyumba, na tena bei ya kahawa haitabiriki. Kuna ukweli hapo, sikatai. Lakini chumba cha kambini hakilipi karo. Maoni yangu ni kwamba amri ya mashamba ipandishwe kidogo kidogo kila mwaka mpaka ikaribie ile nyingine, wala si kwa mpigo mmoja utakaowafukuza watu kazini.

Jambo lingine ambalo vibarua wengi hawalijui: Sheria ya Uajiri ya 2007, kifungu cha 37, inasema mtu wa kulipwa kwa siku akifanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja, au kazi yenyewe ikiwa haiwezi kuisha kabla ya miezi mitatu, basi ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mwezi. Wapo wanaoitwa vibarua mwaka wa tano huu.

Na kabla hatujamnyoshea tajiri kidole, ule mstari wa kibarua wa kawaida unamtaja pia mfagiaji, mtunza bustani, mlinzi wa mchana, yaya, na mfanyakazi wa nyumbani. Naona kimya kimeingia! Waajiri wengi wako humu ndani. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika mwaka 1891 kwamba mtu akikubali malipo duni kwa sababu ya shida, kukubali huko hakufanyi malipo yawe ya haki. Msichana wa kazi aliyetoka mbali hana pa kukataa.

Kwa shule sitakawia. Mwaka 2003 serikali ilipoondoa karo ya msingi, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani. Hapo hakuna ubishi kwamba serikali ilifanya kile ambacho harambee hazikuweza. Ubishi ni kiasi. Mgao wa shule ya msingi ulipangwa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka, baadaye ukawa 1,420. Gawanyeni kwa siku za masomo muone. Ndipo mzazi wa Kiandutu anaambiwa elimu ni bure, kisha anatumiwa barua ya pesa za mtihani na za mlinzi.

Utafiti je? Hapa vijana walisema ni anasa ya nchi tajiri. Nawauliza wana wa Ruiru: jina la mji wenu linajulikana duniani kwa kitu gani? Kwa mche wa kahawa! Ugonjwa ulipoharibu matunda ya kahawa miaka ya 1960, mkulima alipiga dawa mpaka faida ikaisha. Wataalamu wa kituo cha utafiti pale pale Ruiru walizalisha mbegu kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa huo na kutu ya majani. Mwaka 2010 ikafuata Batian. Mfanyabiashara gani angengoja miaka yote hiyo?

Lakini tena tuangalie nani alilipa. Kwa miaka mingi kituo kiliendeshwa kwa makato ya kahawa ya mkulima. Mapatano ya mgao wa kahawa duniani yalipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na makato nayo yakapungua. Utafiti ulinyimwa pesa wakati ule ule mkulima alipouhitaji zaidi. Kwa sababu hiyo nasema hazina ya taifa ibebe sehemu kubwa. Sheria ya sayansi ya 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Haijapata kufika hapo.

Mwisho, mjue mlango wa kubisha. Kwa katiba ya 2010, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji ni vya kaunti. Shule za msingi, mishahara na utafiti ni vya serikali kuu, kwa hiyo mkimlaumu diwani kwa mshahara mnamwonea. Mambo ya mshahara yapelekwe kwa afisa wa leba, na mwende na karatasi yoyote mliyonayo ya malipo, hata kama ni kipande.

Nakala ya amri zote mbili nimemwachia katibu. Anayetaka kusoma aazime, lakini arudishe kabla ya Jumapili, kwa maana jumuiya nyingine zinangoja.